Keki Iliyofikishwa Mahakamani

Aprili 2025, Mahakama ya Mapinduzi ya Tehran iliwatia hatiani waongozaji wawili wa filamu, Maryam Moghaddam na Behtash Sanaeeha. Walipewa kifungo cha miezi 14 kilichoahirishwa kwa miaka 5, na faini juu yake. Mashtaka yalitaja propaganda dhidi ya dola na utengenezaji wa kazi chafu. Kazi yenyewe, filamu iitwayo My Favourite Cake, haina bunduki wala njama ya kumpindua mtu. Ina bibi wa miaka 70, Mahin, aliyefiwa na mumewe miaka 30 nyuma, na dereva teksi wa rika lake, Faramarz. Wanakutana mchana, jioni wako nyumbani kwa bibi, wanakunywa mvinyo, wanacheza muziki, wanacheka, na usiku uleule mmoja wao anafariki.

Nje ya Iran, filamu za namna hii zina sifa nyingine kabisa. Filamu ya wazee wanaopendana, husemwa, ni kitu laini. Inaliwaza, haimdhuru mtu, unaweza kumpeleka mama yako Jumapili alasiri bila wasiwasi. Wanaotaka kuonekana wana busara zaidi huongeza kwamba wazee wale hawatafuti mapenzi hasa, wanatafuta mwenza wa kuzungumza naye. Na ule uchungu wa mwishoni, pale mmoja anapokufa au wanapotengana, ni ukumbusho kwamba wakati umekwisha pita. Tabasamu kidogo, machozi kidogo, taa zinawashwa, watu wanakwenda zao.

Rai hii imezoeleka hata haionekani tena kuwa ni rai. Nayo si kweli. Anayetaka ushahidi aanzie kwa hakimu wa Tehran: kwa ubaya wote wa hukumu yake, aliisoma filamu ile kwa makini kuliko wengi walioipigia makofi.

Haki itendeke: wenye rai hiyo hawakuiokota hewani. Mwaka 2012 The Best Exotic Marigold Hotel, filamu ya John Madden kuhusu wastaafu wa Kiingereza wanaohamia Jaipur, iliingiza zaidi ya dola milioni 130 duniani, ilhali gharama yake ilikuwa kama milioni 10. Wenye studio wakagundua kwamba watu wenye mvi nao hununua tiketi. Kuanzia hapo njia ikawa imechongwa: weka waigizaji mashuhuri wa Uingereza, weka jua, weka mzaha kuhusu magoti na vidonge, malizia kwa pikipiki. India, nchi ya watu zaidi ya bilioni moja, ikafanywa pazia la rangi nyuma ya migongo ya Judi Dench na Bill Nighy. Lakini hata humo, katika filamu iliyokusudiwa kutomkera mtu, kuna Graham, jaji mstaafu aliyechezwa na Tom Wilkinson. Amerudi kumtafuta mwanamume aliyempenda ujanani na ambaye aibu ya wakati ule iliwatenganisha. Anampata, anazungumza naye, halafu anakufa. Watazamaji wengi wanamkumbuka Maggie Smith na maneno yake makali, Graham wamemsahau. Kusahau huko ndiko kunakoifanya filamu iitwe laini.

Sasa Tehran. Sheria za sinema za Iran zinamtaka mwanamke afunike nywele mbele ya kamera hata anapoigiza yuko chumbani kwake peke yake, kwa hoja kwamba mtazamaji si maharimu wake. Ndiyo maana kwa miongo mingi watazamaji wa Kiirani wamewaona kina mama wakilala na mitandio. Lili Farhadpour, anayemcheza Mahin, anakaa nyumbani mwake kichwa wazi, kama kikongwe yeyote wa Tehran anavyokaa akifunga mlango. Kosa la kwanza likawa hilo: kuonyesha lililo kweli.

La pili ni zito zaidi. Mahin hangoji kuposwa. Anakula kwenye mgahawa wa wastaafu, anasikia kwamba yule dereva hana mke, anamfuata kituo cha teksi, anamtaka yeye na si dereva mwingine, anapanda, na njiani anamkaribisha kwake. Anafanya yote hayo kwa moyo unaodunda na uso uliotulia. Hakuna mshenga, hakuna wali, hakuna hata mtoto wa kuombwa ruhusa; binti yake anaishi ughaibuni na huonekana kwenye simu, mwenye haraka. Mapema katika filamu hiyohiyo Mahin amewakabili polisi wa maadili bustanini na kumnusuru msichana aliyekuwa anakamatwa kwa ajili ya hijabu. Waongozaji walitengeneza kazi hii katika kipindi kilekile ambacho kifo cha Mahsa Amini mikononi mwa polisi hao, Septemba 2022, kiliwatoa watu barabarani. Mtazamaji haachiwi njia ya kudhani kwamba matukio hayo mawili, la bustanini na la kwenye teksi, hayahusiani.

Dola hutoka jasho kwa ajili ya bibi mmoja kwa sababu yeye ni shahidi. Kijana akiasi, wakubwa husema ni ujana, maji ya moto, utapoa. Kikongwe hasemwi hivyo. Mahin alikuwa na miaka ya ishirini na kitu mapinduzi yalipotokea mwaka 1979. Ameishi kabla na ameishi baada, na baada ya kulinganisha amechagua. Jamii nyingi, si ya Iran peke yake, zimewakabidhi wajane wazee kazi ya kulinda heshima ya wengine: wao ndio wakemeaji wa wasichana. Mlinzi mwenyewe akifungua geti, hakuna wa kumlaumu kwa utoto.

Wenye mamlaka waliliona hilo mapema. Pasipoti za waongozaji zilichukuliwa kabla filamu haijaonyeshwa popote, na Februari 2024, ilipozinduliwa kwenye tamasha la Berlin, hawakuwepo. Filamu ilipata huko tuzo ya wahakiki wa kimataifa na tuzo ya jopo la makanisa. Na hata wakati huo, nje ya ukumbi, kulikuwa na walioendelea kuiita tamu.

Lakini Iran isigeuzwe kisingizio. Mtu anaweza kusema: hao wana serikali ya namna ile, kwingine wazee hupendana kwa amani. Historia ya sinema inakataa. Ukizipanga filamu bora za aina hii, adui hubadilika jina tu. Tehran ni polisi wa maadili na jirani anayekuja kugonga mlango kwa sababu amesikia sauti ya mwanamume. Kwingine ni watoto.

Mwaka 1955 Douglas Sirk alitengeneza All That Heaven Allows. Cary Scott ni mjane mwenye watoto wawili wakubwa, anampenda mtunza bustani wake. Watoto wanang'aka, mji unasengenya, mama anavunja uchumba. Krismasi inapofika wanamletea zawadi ya televisheni, imkalie badala ya mume. Na wakati huohuo wanamwarifu kwamba binti anaolewa, mwana anakwenda ng'ambo, na nyumba ile aliyokatazwa kuiacha kwa heshima ya marehemu huenda ikauzwa. (Jane Wyman, aliyemcheza mjane huyo aliyehesabiwa amepitwa na wakati, alikuwa na miaka 38. Hollywood haijawahi kuwa mkarimu kwa hesabu za umri wa wanawake.)

Rainer Werner Fassbinder aliichukua hadithi hiyo akaipeleka Munich mwaka 1974, katika Angst essen Seele auf. Emmi ni mjane wa miaka sitini, mfagiaji wa ofisi. Mvua inamwingiza kwenye baa ya wahamiaji, anacheza na Ali, Mmoroko mdogo kwake kwa miaka mingi, wanaoana. Anapowaambia watoto, mwana mmoja anaipiga televisheni ya mama mateke mpaka inavunjika. Fassbinder alimjibu Sirk kwa teke hilo: zawadi ya kumnyamazisha mama inageuka kitu cha kuvunjwa mama akikataa kunyamaza.

Fassbinder hakuishia kwenye chuki, na ndipo alipowapita wengi. Katikati ya filamu watu wanaanza kuwa wema tena. Muuza duka anamsalimu Emmi kwa sababu biashara imedorora. Jirani anataka nafasi ya kuwekea vitu vyake kwenye stoo ya chini ya Emmi. Yule mwana mvunja televisheni analeta hundi ya fidia, kisha anauliza kama mama angeweza kumlelea mtoto. Hakuna aliyebadili mawazo. Wamekumbuka tu kwamba bibi ana kazi, ana stoo, ana mikono miwili isiyolipwa. Filamu iliyotengenezwa kwa siku chache na bajeti ndogo imeeleza uchumi wa uzee kuliko vitabu vingi: mzee ni mali ya pamoja ya familia, na penzi lake ni wizi.

Kent Haruf, mwandishi wa Marekani aliyefariki mwaka 2014, aliliweka jambo hilohilo Colorado kwa sauti ya chini katika riwaya yake ya mwisho, Our Souls at Night, iliyotoka mwaka uliofuata. Addie Moore anakwenda kwa jirani yake, Louis Waters, wote wajane, anamwomba awe anakuja kulala kwake usiku ili wazungumze gizani. Mwana wa Addie akija kujua, silaha anayoitumia ni mjukuu: chagua, huyu bwana au mtoto. Ritesh Batra alipoigeuza filamu mwaka 2017, Addie alichezwa na Jane Fonda na Louis na Robert Redford, mmoja akiwa na miaka 79 na mwingine 81. Tamasha la Venice liliwapa wote wawili simba wa dhahabu wa heshima kwa kazi ya maisha yao yote, tuzo ambayo kwa kawaida mtu hupewa shughuli ikiwa imefika ukingoni. Na filamu waliyokuja nayo ilikuwa inapinga hilohilo.

Dai la mwenza wa kuzungumza naye lina nguvu hasa kwa sababu linafanana na huruma. Huku kwetu linasemwa kwa maneno mafupi: mzee anatafuta mtu wa kumpa maji. Babu akifiwa, hata arobaini haijatimia, ndugu wameshaanza kuulizana nani atampikia uji, nani atampa maji ya dawa. Mke mpya anaingia kwa cheo cha muuguzi. Bibi akifiwa, anapelekewa mjukuu wa kulala naye. Kote kuwili mwili umefutwa: wa babu umegeuzwa mgonjwa, wa bibi umegeuzwa mto wa mtoto. Akijitokeza babu aliyeoa msichana, watasema mzee bado yumo. Akijitokeza bibi, amezeeka vibaya, na mwanamume aliye naye ni marioo tu, anafuata pensheni.

Andreas Dresen alikwisha kuijibu huruma hiyo mwaka 2008 kwa filamu ya Kijerumani Wolke 9. Inge, fundi cherehani aliyevuka miaka sitini, anampelekea Karl, mwenye miaka 76, suruali aliyomrekebishia, na baada ya dakika chache wako sakafuni. Kamera haigeuki pembeni. Ngozi imelegea, mwanga ni wa mchana, hakuna muziki wa kuficha pumzi. Inge hakukosa mtu wa kuzungumza naye. Ana mume, Werner, wameishi pamoja miaka 30, ni mtu mwema, anapenda treni. Hampendi Karl kwa sababu ya upweke. Anampenda kwa sababu anamtamani. Kwa hiyo filamu ile haimpi mtazamaji pa kuegemea: hakuna mume mkatili wa kumchukia, hakuna ujane wa kuuonea huruma, na Inge anapoondoka Werner anajiua. Dresen aliwaacha waigizaji wabuni mazungumzo wenyewe, bila maandishi kamili ya filamu, na tamasha la Cannes likamtunuku kwenye sehemu ya Un Certain Regard. Aliyekaa mbele ya Wolke 9 akatoka akisema ameona kitu cha kuliwaza, alikuwa amelala.

Kenya iliipata filamu yake bila kamera. Mwaka 2003 Wambui Otieno, mpigania uhuru wa enzi za Mau Mau, alifunga ndoa akiwa na miaka 67 na fundi wa mawe ambaye hakuwa amefika miaka 30. Nchi ilikuwa inamfahamu tayari: mwaka 1987 alishindwa mahakamani na ukoo wa Umira Kager katika kesi ya kugombea maiti ya marehemu mumewe, wakili S. M. Otieno, na mwili ukaenda kuzikwa na ukoo. Safari hii mwili uliogombewa ulikuwa wake mwenyewe, naye hai. Magazeti yalijaa, redio zilijaa, kila mwenye mdomo akawa mshauri wa ndoa. Katika miaka hiyohiyo wanaume wa umri wake na wenye vyeo waliendelea kuoa wasichana, na habari zao hazikuvuka ukurasa wa harusi. Asemaye kwamba mapenzi ya uzeeni hayamdhuru mtu angeulizwa basi kelele zile zote zilikuwa za nini.

Sheria nazo zinasema jambo hapa. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatamka kwamba mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi apendapo na kuolewa tena na mwanamume amtakaye, mila iseme isemavyo, alimradi hayumo katika waliokatazwa kuoana. Watunga sheria hawapotezi wino kuruhusu kitu kisichopingwa na mtu.

Ipo hoja moja ya upande wa pili isiyostahili kubezwa. Wazee huibiwa. Kuna vijana wanaowinda hati za viwanja, kuna wanaojipenyeza kwa wagonjwa wakaandikisha wosia upya usiku, kuna matapeli wa mtandaoni wanaomwambia bibi maneno ambayo hajaambiwa tangu awe msichana, kisha wanaomba nauli. Mtoto anayeogopa hayo si lazima awe na roho mbaya. Lakini hofu ya kweli ina tabia zake: huuliza maswali kuhusu yule mgeni, hutafuta mwanasheria, hutenganisha nyumba na kitanda. Watoto wa Cary, wa Emmi na wa Addie hawaulizi kitu. Hawana habari na huyo mwanamume ni mtu wa namna gani; wanachojua ni kwamba mama hayuko pale walipomwacha. Binti wa Mahin, ambaye angalau hana ubaya, hana hata nafasi ya kujua.

Limebaki dai la mwisho, la uchungu na wakati uliopita. Wahakiki hulipenda kwa sababu linaipa filamu busara ya bure: tazama, walichelewa. Kifo cha Faramarz kimesomwa hivyo mara nyingi, na kusema kweli maandishi yenyewe ya filamu yamekiruhusu, maana kinakuja kwa urahisi mno, kama mwongozaji anayetaka mgeni aondoke kabla ya asubuhi. Hilo ni doa. Ila tazama kinachofuata. Mahin hawezi kupiga yowe. Hawezi kueleza kwa jirani, polisi wala binti yake kwamba kuna maiti ya mwanamume chumbani. Anamzika bustanini kwake mwenyewe. Msomaji wa Kiswahili anajua vizuri msiba ni nini: turubai, mikeka, chai, watu wanaoingia na kutoka, mkono wa pole. Mahin hana cheo kwa marehemu. Hana eda ya kukaa, hana wa kumwambia pole. Kifo kingemfika Faramarz popote. Kuzikwa kwa siri ni kazi ya watu.

Fassbinder alifanya vivyo hivyo. Ali anaanguka kwa kidonda cha tumbo, na daktari anamwambia Emmi kwamba wafanyakazi wa kigeni huugua hivyo mara kwa mara kwa mateso ya maisha yao, na kwamba baada ya miezi sita atarudi hospitali. Emmi ndiye mzee. Mgonjwa ni kijana. Kama filamu ile ingekuwa inahusu saa inayoyoyoma, kitanda kile kingekuwa cha mwanamke.

Na katika riwaya ya Haruf hakuna kati ya wale wawili anayekufa. Addie ana akili zake, Louis ana nguvu za kutosha kupanda ngazi za nyumba ya jirani, nyumba zote mbili ziko mtaa mmoja, usiku ni mrefu. Anayewatenganisha ni mwanamume wa makamo mwenye afya njema na maoni. Atakayesema tena kwamba filamu hizi zinahusu muda uliokwisha, na aeleze ni muda gani hapo uliokuwa umekwisha.